Mti wa Marlys na Mbawakawa wa Kijani

Jumatatu, 2 Juni
Marlys kapiga simu! Miezi minane tangu ahamie kwa dada yake, ng'ambo ya mto Mississippi. Hakuniulizia hali. Aliuliza habari za mti wa eshi tulioupanda siku ya harusi yetu: eti wale mbawakawa wa kijani wanaoua miti wameshafika mjini? Nikamwambia mti uko mikononi mwangu. Akasema atakuja Oktoba, majani yakiwa manjano, auone. Mti, si mimi. Lakini mti uko uani kwangu!

Jumatano, 4 Juni
Dot, fundi wa miti, kakagua. Mabuu wameanza kula chini ya gome, lakini dawa ikidungwa shinani wiki hii, mti utapona. Dawa! Marlys ataona nini, kitundu? Nataka aone mapenzi. Nimetundika mtego wa rangi ya zambarau wenye harufu ya kuwavuta wadudu.

Jumapili, 29 Juni
Mtego unavuta kupita kiasi. Wadudu wa mtaa mzima wamehamia kwangu. Delbert, jirani, mwenye eshi mbili, kaegemea uzio: "Asante, jirani, kwa kunichukulia wageni." Mshenzi.

Jumanne, 16 Septemba
Nilitundika kipande cha mafuta ya ng'ombe kuwaita vigong'ota, ndege wanaodonoa miti. Wamekuja jeshi zima. Wamekula mabuu, wamebandua na gome. Mti umebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Dot kavua kofia. Kasema ukatwe kabla haujaangukia nyumba.

Jumapili, 5 Oktoba
Marlys kaja. Kavaa koti lile la buluu. Kakaa kwenye kisiki, kapitisha kidole kwenye duara za miaka yetu. Thelathini na moja. Nilitaka kumshika mkono. Nikashika kofia yangu. Akauliza kama Dot aliniambia mapema kuwa dawa ingeuponya. Nikasema nilikuwa na mpango. Akacheka kidogo, macho yamejaa machozi. "Orville, wewe hubadiliki." Kahawa hakuinywa. Nimeweka kiganja pale alipokaa mpaka kisiki kikapoa.

Jumatatu, 6 Oktoba
Wazo! Kwa dada yake kuna meko, na baridi inakuja. Nitampelekea kuni za mti wetu. Dot kanionya zisivuke mto, wadudu wangali ndani. Kuni za gari moja tu! Tena nimeulizia: njia ya kule imepangwa miti ya eshi kumi na miwili, mizima kabisa. Marlys atahitaji mtu wa kuilinda.