Onesmus Auza Nyumba ya Magurudumu

Onesmus alikuwa mlinzi wa yadi moja huko Muhaisnah, ughaibuni kwa Waarabu, ambako wenye pesa huegesha trela zao za kupiga kambi jangwani mpaka joto lipungue. Kiangazi kizima hakuna mwenyewe aliyekanyaga pale, na funguo zote zilining'inia kibandani mwake. Onesmus, aliyejihesabu kuwa mtu wa fikra, aliona ni dhambi nyumba nzuri vile zikae tupu huku Wakenya wenzake wakirundikana wanane chumba kimoja. Akaamua kuuza moja. Haikuwa yake, ni kweli, ila hakupenda kuzuiwa na mambo madogo.

Habari akaipenyeza kimyakimya baada ya ibada, na haukupita muda mteja akajileta getini: dada mmoja mwenye miwani ya jua, jina lake Caren, aliyesema anafanya kazi kliniki kule Oud Metha na amechoka kugombania bafu.

"Umefika kwa mwenyewe, siz," alisema Onesmus. "Wenye mali wameniachia mamlaka yote."

Akamwonyesha trela inayong'aa kuliko zote. Caren akagonga ukuta kwa kidole.

"Hii ni karatasi. Inamfaa mtu wa kulala mara moja akarudi kwake. Mimi nahamia mazima."

Ya pili aliikataa kwa kuwa kabati lilikuwa moja. Kisha akasimama mbele ya trela moja kubwa, imejaa vumbi, matairi yamekaa chini kabisa. Ile aina ambayo shingo yake hupanda ikafungwa mgongoni mwa pikapu. Chumba cha kulala kilikuwa juu, kwenye shingo, na ngazi yake. Dari refu, tangi la maji kubwa, jiko la kupikia ugali bila kukunja mgongo.

"Hii ndiyo ya kuishi," alisema.

"Lakini siz, eyasii ya kupoza hewa humu imekufa!"

"Itengeneze, nikulipe yote kwa mkupuo. Na kuna wenzangu watano kliniki wanangoja kuona yangu ndipo wachague zao."

Watano! Onesmus aliona kiwanja alichokuwa akikiwekea akiba huko nyumbani Matuu kikiota ghorofa. Alfajiri iliyofuata akiba hiyo ikaanza kugeuka matairi.

Kila Ijumaa Caren alikuja kukagua kama mhandisi. Alifungua mabomba, akalalia godoro, akanusa jiko. Risiti za mafundi alizichukua yeye, eti za garantii.

"Sasa khalas?" Onesmus aliuliza, jasho likimtiririka.

"Bado, kaka. Gesi inavuja. Unataka nife kabla sijakulipa?"

Onesmus alikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito. Akaleta fundi wa gesi, kisha wa paa, kisha akanunua godoro jipya. Akiba ilipokauka, trela ilikuwa inapendeza mpaka yeye mwenyewe akaanza kuionea wivu.

Siku ya malipo alipiga pasi shati. Ikaingia pikapu nyeupe, dereva wake akiitwa Shakir. Kiti cha nyuma alishuka mama mmoja mwenye abaya ya hariri, na baada yake Caren, bila miwani, katika sare ya mtumishi wa nyumbani.

"Madam, huyu ndiye mlinzi wa yadi, aliyekutunzia trela yako," alisema Caren kwa adabu.

Madam aliingia ndani ya trela. Eyasii ikanguruma, maji yakasikika yakichuruzika. Akatoka akitabasamu.

"Mashallah, Caren! Zile pesa nilizokutumia za mafundi zimefanya kazi kwelikweli."

"Asante, madam. Nilihangaika sana kutafuta fundi wa bei nafuu."

Onesmus akafungua mdomo. Madam akamgeukia.

"Una neno?"

Alikuwa na maneno mengi, tena mazito, ila kila alipolijaribu moja kichwani aliliona likiishia kituo cha polisi.

"Nilitaka kuwatakia safari njema, madam."

"Yalla, rafiki, shika hapa!" aliita Shakir, na Onesmus akasaidia kuiongoza shingo ya trela mpaka ikakaa mgongoni mwa pikapu. Caren akapita karibu naye.

"Siku nyingine ukiuza nyumba ya watu, kaka," alinong'ona, "kwanza muulize mteja anafagia kwa nani."

Onesmus akafungua geti, akapiga saluti. Pikapu ikasimama kidogo, kioo kikashuka. Madam, ambaye alikuwa na huruma kwa wafanyakazi wa juani, akamnyooshea chupa ya maji baridi.

Akaipokea kwa mikono miwili.