Dishi Letu na Tangi la Maalim

Nimefedheheka leo. Mchana kweupe, hina mikononi, mtaa mzima ukinitazama. Na hasira ninazo mpaka sasa hivi ninapoandika, kwa hivyo atakayecheka kabla sijamaliza kusimulia namtoa kwenye kundi.

Haya. Leo mwanangu Twalib ameoa. Ameoa huko huko Maskati anakofanya kazi, na baba yake ndiye aliyekwenda kumsimamia. Mimi nimebaki hapa Mji wa Kale na mama yangu, Bi Zuhura, ambaye magoti yake hayataki ngazi, seuze ndege. Wala kubaki hakukuniuma sana. Hata ningekwenda, ndoa inasomwa msikitini, nasi wanawake tungekaa kwa bibi harusi tukingoja kuletewa habari. Mama amezaa wana wanne wa kiume na hajapata kumsikia hata mmoja akisema "nimekubali". Wote wanne amesimuliwa.

Lakini msikiti huo wa Maskati una kamera, na ndoa zinarushwa moja kwa moja. Na mimi nina dishi!

Wanaonijua wanalijua gari letu la kulala. Lilikuwa gari la kubebea watalii, Baba Twalib akaling'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi na televisheni, na juu ya paa akaweka dishi la intaneti ya setelaiti. Si yale madishi ya mviringo. Hili ni bapa, jeupe, unalilaza tu likatazama juu. Tukiwa Voi, tukiwa Malindi, popote penye mbingu, tunajilaza na kutazama tunachotaka. Nyumbani ndiko hatuna kitu. Waya wa intaneti umekatwa mara tatu na wachimba mitaro, na nyumba yenyewe ni ya mawe ya kale, kuta nene hivi, simu haishiki mpaka utoe kichwa dirishani.

Basi jana nikalihamisha dishi kutoka garini mpaka darini, juu ya paa letu lililo wazi. Mimi mwenyewe! Gari haliingii vichochoro vyetu, kwa hivyo nililibeba kichwani kuanzia barabarani, wazee wa baraza wakiniuliza kama nimeanza biashara ya mbao. Nikalilaza darini, nikateremsha waya kwa dirishani, nikawasha televisheni. Picha maji, safi unajiona! Mama akatazama wapishi wa Kihindi mpaka akawa anawakosoa kwa sauti. (Nilijisifu sana jana. Nilituma na picha humu kundini. Naomba mzifute.)

Leo ndoa ilikuwa isomwe saa nane na nusu kwa saa zetu. Saa tano nimetiwa hina. Saa nane kamili Mama alikuwa ameshakaa mbele ya televisheni, kajipulizia manukato, udi umefukizwa nyumba nzima, utadhani wale wa Maskati watamnusa. Nikawasha.

Hakuna mtandao.

Nikazima, nikawasha. Hakuna mtandao. Nikachomoa waya, nikapuliza, nikachomeka. Hakuna! Nikatoa kichwa dirishani nikawapigia simu wale wenye mtambo. Akapokea bwana mmoja mpole, na upole wake ndio uliozidi kunichemsha.

"Mama, dishi lako linaona mbingu?"

"Liko darini! Litaona nini kingine, samaki?"

"Huku kwetu inaonyesha kuna kitu kimeliziba. Tafadhali panda uangalie."

"Bwana, dishi hili nimetembea nalo mpaka Voi. Leo ndiyo unifundishe?"

"Ni dakika moja tu, mama, ukiangalia..."

Nikamkatia simu.

Kimeliziba! Na pale pale dirishani, nilipoinua macho, nikaliona. Tangi la Maalim Fadhil. Maalim ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anasomesha madrasa, na mwezi huu kaweka juu ya dari lake tangi la maji jeusi, kubwa, limesimama kama limeajiriwa kulinda mtaa. Ni nani mwingine aliyeniziba? Nani? (Jana tangi lilikuwa hapo hapo na picha ilikuwa maji. Lakini hasira haina jana.)

Mama akaniambia, "Rukia, si upande ukatazame kwanza?"

"Na hina hii mbichi, Mama?"

Nikashuka. (Ngazi ya kwenda juu ilinishinda kwa ajili ya hina. Ya kwenda chini niliishuka vidato viwili viwili.)

Maalim alikuwa barazani na wazee wenziwe wawili, wanakunywa kahawa. Nikafika nikihema. Sasa, nyinyi mnajua, hapa kwetu mtu hawezi kugombana kabla hajamaliza salamu.

"Salaam alaikum."

"Alaikum salaam, Dada Rukia. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama yuwaendeleaje?"

"Alhamdulillahi."

"Na magoti?"

"Yako vile vile!"

"Na habari za Maskati? Leo si ndiyo siku kubwa? Mabruk."

Nilijibu zote, meno yameumana, na saa inakwenda. Zilipokwisha, nikafunguka.

"Maalim, tangi lako limenizibia mbingu!"

"Limekuzibia nini, dada?"

"Mbingu! Mwanangu yuwaoa sasa hivi, na mimi natazama kioo cheusi kwa sababu ya maji yako!"

Akashtuka kweli. "Subhanallah. Hebu nipe dakika." Akaweka kikombe chini, akaingia ndani kwake, akarudisha mlango.

Mimi nikaona amenikimbia. Nami jamani, mtu akinipa mgongo katikati ya ugomvi hunimaliza kabisa. Nikasimama mbele ya ule mlango nikausemesha. Nilisema kuna watu wanakusalimia kwa ulimi huku roho zao ziko darini kwa wenzao. Nilisema kuna watu hawajapata kuwa na kitu, wakipata tangi wanataka hata ndege wapite kwingine. Madirisha yakaanza kufunguka. Nikawa na hadhira, na mimi nikipata hadhira sijiwezi! Nikasema maneno matamu si hoja, muungwana ni kitendo! Nikarudia, kwa sauti, ili imfike huko alikojificha: "Muungwana ni kitendo, Maalim!" Kisha nikageuka, nikawapa wote mgongo, wenye kujua kusoma wasome jina la leso yangu, kanga niliyojitanda. Ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU. (Nilikuwa nimeivaa tangu asubuhi bila ya nia mbaya. Wallahi.)

Wazee wawili wa kahawa walibaki na vikombe mikononi. Mmoja tu alikuwa akitazama juu, kwenye dari, halafu ananitazama mimi, halafu anatazama juu tena. Nikadhani anamwomba Mungu aniongoze. Nikaendelea.

Sijui nilisema kwa muda gani. Dakika kumi? Robo saa? Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye ukoo wake nilipovisikia.

Vigelegele. Kutoka juu, kwenye dirisha langu mwenyewe.

Vya mama yangu! Ajuza wa magoti mabovu, pumzi fupi, anapiga vigelegele mpaka njiwa wanaruka.

"Rukia! Weye Rukia! Ndoo utazame! Ashakubali! Mwana ashakubali!"

Nilipanda ile ngazi sijui kwa miguu au kwa mikono, hina yote nikaiacha ukutani. Nikaingia. Televisheni inawaka, picha maji, kila ndevu unaihesabu. Twalib wangu amevaa kanzu nyeupe, kakumbatiwa na baba yake, watu wanapita na sinia la halua. Imamu ameshafunga dua.

"Imeisha?" nikauliza.

"Imeisha," akasema Mama, anapangusa macho kwa ncha ya leso. "Picha ilirudi yenyewe, papo hapo wanakaa kitako. Nikakuita, mwanangu. Nimekuita mpaka sauti imeniisha. Ulikuwa wanguruma huko chini."

Nikakaa sakafuni. Sikulia. Nilikuwa na hasira mno hata kulia sikuweza. Nilitaka kushuka tena nikamalizie kwa Maalim yaliyobaki, nimwambie amenikosesha ndoa ya mwanangu wa pekee. Nilikuwa nishainuka, naapa.

"Hodi!"

Nikashuka. Alikuwa yeye. Amesimama mlangoni chini, nyuma yake wale wazee wawili, na nyuma yao nusu ya mtaa iliyojitia kupita njia. Mkononi ana sinia kubwa la bati, kaligeuza chini juu. Kwetu masinia huandikwa majina kwa nyuma, kwa rangi ya kucha, kwa sababu sinia likishakwenda kwenye shughuli ya watu halijui njia ya kurudi. Maalim akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile anayosomeshea watoto:

"Rukia wa Bi Zuhura."

Akashusha miwani.

"Samahani, dada. Nilipanda kutazama kama tangi laweza kusogezwa. Nikaliona hili limefunika kile chombo chako cheupe. Nikavuka ukuta, nikalitoa. Nilitaka kukwambia pale pale, lakini ulikuwa bado waongea, nikaona si adabu kukukatiza."

Si adabu kukukatiza! Mtu yuko juu ya dari langu, jua la saa nane kichwani, ananifungulia mbingu, na mimi niko chini namwambia muungwana ni kitendo!

Na ni nani aliyeliweka hilo sinia? Mimi. Jana magharibi kunguru walikuja wakaanza kulichafua dishi la watu, nikaona nilifunike, kama unavyofunika wali. Safarini Baba Twalib hulifunika hivyo hivyo kila tukilaza gari, na mimi nimemwona kwa macho yangu. Kumbe alfajiri, mimi bado nimelala, ni yeye huyo huyo anayepanda kulifunua. Miaka yote hiyo ya safari, kazi yangu mimi ilikuwa kuwasha televisheni na kujisifu. Nawachukia kunguru. Namchukia na Baba Twalib kwa kuamka mapema.

Yule mzee aliyekuwa akitazama juu akakohoa. "Kwa hivyo," akasema polepole, "hasidi amepatikana?" Na wote, kila mmoja wao, wakaitazama leso yangu.

Nilimwomba Maalim radhi. Nilimwomba mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndiko nilikomtukana. Akasema, "Yameisha, dada. Mabruk tena," akanipa sinia kwa mikono miwili, akarudi kwenye kahawa yake. Laiti angenitukana. Angenitukana ningelala usingizi.

Nikapanda juu. Sijakaa, simu ya picha ikalia. Twalib, uso mzima unang'aa.

"Mama! Umenisikia? Nimesema sawasawa? Nilitetemeka kidogo pale kwenye mahari, umeona?"

Nilikuwa nimeshaamua kusema uongo. Uongo mdogo, wa mama. Nimefungua mdomo kabisa, Mama akaninyang'anya simu.

"Mimi nyanyako nimekusikia, mjukuu wangu, neno kwa neno. Mamako hakukusikia wewe. Lakini wewe huko Maskati mshukuru Mungu kwamba hukumsikia yeye."

Twalib akaanza kucheka. Kisha nikarudishiwa simu, akaniona uso, akaacha.

"Rudia basi, mwanangu," nikamwambia. "Sema tena, nami nisikie."

Akatazama kando, wajomba wa mkewe walikuwa wamesimama hapo wanatabasamu. "Mama," akasema kwa upole, "lile likishasemwa limesemwa."

Na ni kweli. Nilisema sawa, mabruk mwanangu, nikamuuliza kama amekula, nikakata simu nikaenda kuikwangua hina ukutani.

Kwa hivyo tafadhali, msinicheke. Nafasi ya kumsikia mwanangu akikubali ilikuwa moja tu, na nimeitumia kusikiliza sauti yangu mwenyewe.