Ghorofa ya Mama Dafroza

Wananchi wa Bweri na viunga vyake mnatangaziwa kwamba Musoma imepata ghorofa mpya. Haina ngazi, haina madirisha, na huko juu kumejaa maji.

Mwenyewe, Mama Dafroza, alikuwa wa mwisho kujua. Yeye alidhani ana nyumba ya kawaida ya vyumba vya kupangisha, na nyuma yake simtanki la maji juu ya nguzo nne. Mthamini alipita na bodaboda, akaona kitu kiko juu, akaandika ghorofa. Serikali haiwezi kushuka kwenye pikipiki kwa kila nyumba.

Tangu hapo, wapangaji wakinunua umeme, kodi ya ghorofa inakatwa humo humo.

"Mama, mimi nalalaga chini, nalipiaga juu," alisema Lameck wa chumba cha kona. "Mwisho wa mwezi narudi Suguti. Na wenzangu wanafunga mizigo."

Wapangaji ndio waliokuwa sahani yake ya ugali. Dafroza akakata rufaa.

Kamati ya Rufaa za Majengo Marefu ilikuwa makini mno. Mara mjumbe yuko semina Bunda, mara mwingine yuko msibani Butiama. Walipotimia, sheria ikawabana: rufaa haisikilizwi mpaka ghorofa ya juu ikaguliwe, na kila mkaguzi alirudi na taarifa kwamba haijaonekana. Rufaa ikaahirishwa hadi ionekane.

"Si ndiyo nawaambiaga, haipo," alisema Dafroza.

"Mama, usiingilie ukaguzi," alijibu mwenyekiti, Bwana Wenceslaus.

Wiki iliyofuata Dafroza akarudi mpole. "Mzee, imeonekana. Karibu ukague."

Wenceslaus alikuja na suti, mhuri mfukoni. Akapanda ngazi ya mbao hadi kwenye simtanki, akaligonga kitaalamu. Dafroza akabeba ngazi, akaiweka jikoni.

"Mama, ngazi."

"Hiyo ya fundi rangi, mzee wangu. Ghorofa huwaga na ngazi zake za ndani."

"Hazipo."

"Unasema wewe au kamati?"

Jua lilikuwa kali, na Lameck alikuwa ameshawaita bodaboda wa kijiwe kizima. Mwenyekiti akawapigia wajumbe simu. Bunda ikaafiki, Butiama ikaafiki. Dafroza akampandishia karatasi za rufaa kwa ndoo na kamba. Mhuri ukalia: jengo hili ni la chini, halina juu.

Dafroza akasoma taratibu, akakunja.

"Sasa mwenyekiti, wewe uko wapi?"

Wenceslaus akautazama mhuri. "Niko chini," akasema.

"Ukiwa chini, ngazi ya nini?" Akaenda kugeuza dagaa.