Redio ya Mfanyakazi Mwaminifu

Kiden, Esta, leo nimeaibika mpaka sijui pa kuweka uso. Nawaandikia hata chai sijanywa.

Mnajua tangu mimi na mama turudi kutoka huko Uganda napiga taipu katika ofisi ya barabara hapa Juba. Wiki nzima mkubwa wetu, Bwana Loro, amekuwa akitangaza kwamba leo saa nne mfanyakazi mmoja atapewa zawadi mbele ya wote. Nani? Hasemi. Zawadi gani? Hasemi. Usingizi ukaniruka. (Nyinyi mnanijua. Barua ya mtu ikipita mbele yangu, mkono unaniwasha.)

Asubuhi Wani, mtunza ghala, akapita na boksi lililofunikwa kitambaa, akaliweka ofisini kwa mkubwa.

"Wani, kuna nini humo?"

"Mimi najua? Mimi nabeba tu."

Saa nne kasorobo watu wakatoka uani kupanga viti. Mlango wa Bwana Loro ulikuwa wazi. Nikasema nachungulia tu. Nikainua kitambaa. Nikafungua boksi. Redio! Mpya, ina mkanda wa ngozi wa kubebea! Nikaitoa nione na mgongo wake. (Kwani redio huangaliwa upande mmoja?)

Mara viatu vya Bwana Loro, vinakuja. Nikafunga boksi haraka, nikarudisha kitambaa, nikajibanza nyuma ya kabati la mafaili, redio nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Akaingia akijisomea hotuba kwa sauti ya chini, akabeba boksi na kitambaa chake, akatoka. Akafunga mlango kwa ufunguo!

Watu walikuwa wamekaa karibu na dirisha, nikasikia kila neno.

"Kuna mtu hapa," Bwana Loro akasema, "mwaka mzima hajaondoka mezani pake bila ruhusa. Ukimwachia siri, iko salama. Hagusi kisicho chake."

Nami huko nyuma ya kabati nikajiuliza kwa hamu kubwa: ni nani huyu mtu mzuri hivi?

"Keji!"

Keji ni mimi.

Makofi.

"Keji yuko wapi?" Bwana Loro akauliza.

"Labda choo," mtu akajibu.

Wakangoja. Nikaomba wachoke waende zao. Bwana Loro akasema basi angalau waione zawadi. Nikasikia boksi linafunguliwa.

"Wani! Redio iko wapi?"

"Haki ya Mungu, bwana, mimi sijui!"

Nikachungulia. Dereva wetu wa ofisi alikuwa amemkamata Wani mkono. Wani, ambaye jana tu alinikatia nusu ya chapati yake! Nikasukuma dirisha.

"Bwana, ninayo mimi!"

Vichwa vyote vikageuka. Mlango umefungwa, kwa hiyo nikatokea dirishani, mguu kwanza. Sketi ikanasa kwenye komeo, ikachanika ubavuni. Nikabaki nusu ndani nusu nje, redio nimeiinua juu isigonge ukuta. (Ile sketi ya bluu, Esta. Na petikoti usiniulize nilivaa ipi.)

Aliyekuja kuninasua ni Wani.

"Ulitaka kuiba?" Bwana Loro akauliza.

"Hapana, bwana. Nilitaka kuona."

"Kuona tu? Hukuiwasha?"

Nikatazama chini. "Niliiwasha. Haikulia."

Akatia mkono mfukoni, akatoa betri nne.

"Keji, mimi nimekaa na watu wa ofisi miaka mingi."

Jamani, kicheko! Dereva alianguka na kiti chake.

Redio akapewa Wani papo hapo, kwa kushukiwa bure mbele za watu. "Mabruk, Wani! Mabruk!" kila mtu akampongeza. Nami nikapiga makofi, sketi nimeibana kwa viwiko. Kusema kweli alistahili. Siku zote yeye ndiye anayefungua ghala kabla hatujafika, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante, hata mimi.

Jioni hii amepita hapa kwetu Kator, redio begani inaimba. Akasimama mlangoni, akaniita kwa adabu zote: "Dada Keji, njoo usikilize habari." Mama anashangaa kwa nini nimejifungia chumbani.

Mkitaka kucheka, chekeni huko huko Arua. Hapa Juba nimeshachekwa vya kutosha.