Beseni la Profesa Seah

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya uzamivu ni moja tu, maabara ya Profesa Seah, fizikia ya tando za seli. Waombaji tuliobaki ni wawili: mimi na Thevaki. Kwangu ni mara ya nne kuomba, na ya mwisho. Nikikosa, naanza kuuza vigae vya choo dukani kwa mjomba, mtaa wa Geylang. Na mama ameshawaambia majirani wa ghorofa ya tisa waniite Dokta. Wananiita.

Jaribio lenyewe: Ijumaa kila mtu alete kipimo kimoja safi. Unadondosha mafuta ya seli juu ya maji kwenye beseni, yanatanda, mashine inachora mstari. Beseni linalofanya kazi ni moja tu. Hapo ndipo akili inapotakiwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeweka pakiti ya tishu kwenye kiti cha mbele ya beseni. Basi! Kama kantini: penye tishu pana mwenyewe, na hajazaliwa Msingapore wa kuiondoa. Thevaki alikuja, akaitazama, akaguna, akaondoka. Nami nikaenda kula, kisha nyumbani kulala.

Jumatano, 5 Machi
Tishu ipo. Thevaki aliniuliza kwa adabu nitamaliza lini. Nikamjibu sayansi haina haraka. Akachukua bisibisi, akaingia stoo kulichokonoa beseni bovu la zamani. Maskini!

Alhamisi, 6 Machi
Nimepima hatimaye. Nilirudi kutoka kantini na paja la kuku, nikalimalizia mlangoni. Vidole nikafuta kwenye suruali, maana tishu ilikuwa kazini. Nikagusa maji kidogo kuhakikisha yametulia. Loo! Mstari ukapanda kama lifti, hata sijadondosha kitu. Ugunduzi! Nimemwambia mama anunue fremu.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa aliutazama mstari wangu. Akauliza nilinawa saa ngapi. Nikasema asubuhi.

"Kheng Wah," akasema, "umepima mafuta ya kuku."

Thevaki alikuwa amelitengeneza lile bovu. Mstari wake safi. Nafasi kapewa yeye. Imeniuma, sitaficha. Nilikaa chooni nusu saa, nikihesabu vigae.

Nilipotoka, Profesa akanifuata koridoni. Kuna kazi ya msaidizi: nioshe vyombo vya maabara mwaka mmoja, nijifunze usafi, halafu ananichukua uzamivu yeye mwenyewe, bila jaribio. Fomu nisaini kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo, baada ya hapo anapewa mwingine.

Nikasema nitafikiria.

Jumamosi, 8 Machi
Sikusaini. Ningesaini upesi wangeniona nina njaa. Mtu hamfuati mtu mpaka korido kama hamhitaji! Maabara hawajapiga simu tangu jana, bila shaka wanajadiliana waniongezee nini.

Mjomba ametuma ujumbe kuuliza navaa fulana ya duka saizi gani. Sijajibu. Acha naye asubiri, ajue kwamba nagombaniwa.