Kutu Hainiwezi

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tena. Mtaa mzima wa Mowlem ni tope. Visu vyangu vimeshika kutu kabla sijapata wa kumwonyesha. Nimevifua mwenyewe kwa springi ya lori, chuma hasa, kinachokata nyama na mfupa wake bila kuomba msaada. Kina kasoro moja tu: kikiona unyevu, kinageuka rangi ya udongo. Na mimi kazi yangu ni ya nje, chini ya turubai lenye matundu.

Jirani yangu Githinji anauza visu vya dukani. Havishiki kutu. Havikati hata ugali, lakini vinang'aa, na watu wanapenda kung'aa. Leo amepita akaniuliza, "Niaje fundi, hizo visu umezipaka rangi ama ni kutu?" Nimeendelea kunoa kwa heshima. Heshima yangu, si yake.

Lakini habari kubwa! Mzee Khalif, mwenye bucha ya pale kona, amekuja kwangu. Binti yake Nafiso anaolewa Jumapili. Mkewe, Mama Nafiso, ndiye msimamizi wa mapishi, na hataki visu vya kung'aa. Anataka vya chuma cha zamani kama alivyotumia mama yake. Vikimpendeza, Mzee atanipa nafasi kwenye baraza la bucha. Baraza! Lenye mabati, lenye umeme, lenye wateja wanaopita na nyama mkononi. Nimelitamani baraza hilo tangu mwaka juzi.

Mzee ameniambia nivikaushe vizuri, nivipake mafuta kidogo, basi. Koki, mke wangu, amesema vivyo hivyo. Mambo ya kitoto. Mtu anayekwenda barazani hawezi kufanya kama kila mtu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimesikia kwamba kisu kikilowekwa kwenye chai ya rangi kinakuwa cheusi, na kutu haipati pa kuingilia. Akili hiyo! Nikatafuta majani ya chai. Yamekwisha. Lakini mezani palikuwa na thamosi iliyojaa, Koki amewaandalia akina mama wa kanisa. Chai ni chai. Nikamimina yote kwenye beseni, nikatumbukiza visu.

Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa. Na tangawizi.

Kufikia jioni hakuna kilichokuwa cheusi. Visu vimevaa ngozi kama uji uliolala, na harufu imekusanya paka wote wa ploti. Koki ameuliza chai ya wageni wake iko wapi. Nimemjibu kwamba iko kazini. Ameniita kwa majina yangu yote matatu, hata lile la ubatizo.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesugua visu kwa mchanga kutwa nzima. Kutu imetoka. Ngozi ya vidole pia. Kesho nina mpango.

Alhamisi, 10 Aprili

Mpango umefaulu! Nimejiambia: Wathome, wewe ni mtu hatari.

Nimefikiri hivi. Wakisema mafuta, watu wanafikiria yale mepesi ya chupa. Hayo yanateleza, mvua inayafukuza. Kinachotakiwa ni mafuta mazito, yanayoganda na kukishika chuma. Nikamkumbuka binamu yangu Matheka kule Njiru. Anakaanga nyama, mafuta yake huganda meupe kama mshumaa. Amenipa kopo zima na hakutaka shukrani.

Nimepaka. Kisha nikavimwagia maji nione. Maji yamekimbia! Visu vinameremeta, unaweza kunyoa ndevu mbele yavyo bila kioo. Githinji amekuja akatazama, akaenda kufuta vyake kwa shati. Nimechonga mipini ya jakaranda nikiimba, na nitaipachika kesho. Baraza ni langu.

Ijumaa, 11 Aprili



Baada ya swala Mzee Khalif amepita, kanzu nyeupe, moyo mweupe. Ameona visu vimepangwa kwenye sinia. Akasema mashallah. Akasema hajaona chuma cha springi kikang'aa hivyo. Akanyoosha mkono achukue kimoja, huku akiniuliza ni mafuta ya nini haya mazuri.

Nikafungua mdomo nijisifu. Na hapo ndipo nikakumbuka Matheka anakaanga nyama gani.

Nguruwe!

Nilirukia sinia nikaikumbatia kifuani. Shati limekwisha. Nikamwambia Mzee visu bado ni moto, vitamchoma. Mzee akatazama matone ya mvua yaliyotuama juu ya visu. Akanitazama mimi. Akasema basi, Mama Nafiso mwenyewe atavijia kesho. Akaondoka na mikono yake safi, Mungu ni mwema.

Jinsi nilivyosahau sijui. Nilikuwa nafikiria kutu, mabati na umeme. Harusi ya nani, sikufikiria hata kidogo.

Koki aliposikia aliketi. Kisha akasimama. Kisha akaketi tena. Akaniuliza taratibu, "Baba Muthoki, kweli? Kwa harusi ya Waislamu?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nimekwenda kwa Mumina, jirani yetu anayefundisha watoto madrasa, nikamwomba ushauri kwa niaba ya rafiki yangu. Nikamweleza kwamba rafiki yangu amepaka vyombo vya watu mafuta ya nguruwe kwa bahati mbaya. Mumina ameniambia kwao wanafundishwa kwamba kitu kama hicho huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kisha akauliza kama huyo rafiki yangu ana shati lenye mafuta kifuani.

Nimeosha. Kwanza kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yote yakaisha. Kisha mara saba, nikihesabu kwa sauti, Koki akihesabu nami nisije nikaruka. Udongo haukuwa shida, tuko Mowlem. Nilipomaliza nilihisi mzigo umenitoka begani. Mipini haikuwa imepachikwa, kwa hiyo mbao haikuguswa. Sinia nayo nimeiosha vivyo hivyo, nikaviweka visu juu yake vipumzike chini ya turubai. Hakuna atakayejua. Kilichooshwa kimeoshwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilisahau kuvikausha.

Kutu! Kutu toka ncha mpaka shina, nyekundu, nene, ya kufuta kwa kidole. Kuosha chuma hiki mara saba na kukiacha kilale na maji ni kuiita kutu kwa jina. Nimepachika mipini haraka nikidhani mipini mizuri itapunguza aibu. Haikupunguza.

Githinji akaja na sinia yake ya visu vya kung'aa, akasema ananihurumia, nivichukue niving'oe mipini, nitie yangu, vipite kama kazi yangu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nakiri kwamba nilikuwa nimeshanyoosha mkono! Ndipo Mama Nafiso akatokea, ameinua buibui lisiguse tope.

Nikaanza. Nikamwambia rangi hiyo ni mtindo mpya. Nikamwambia inaitwa kahawa. Nikamwambia mahotelini siku hizi hawataki nyingine. Amenisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande. Kisha akaniarifu kwamba Mumina ni binti wa dada yake, na jana alinisikia nikihesabu mpaka saba.

Nilitamani ardhi inimeze. Githinji alianza kusogea asikose hata neno.

Mama Nafiso alikuwa amekasirika, na hakuficha. Akasema nusura niharibu harusi ya mwanawe wa pekee wa kike. Akaniuliza jambo moja tu: kama nilikusudia kuficha, kwa nini nikaosha mara saba, na mimi mwenyewe najua maji yanakifanya nini chuma hiki?

Sikuwa na uongo uliobaki. Nikamwambia kwamba nisingeweza kuwatazama watu wakila harusini kwa Nafiso, wao hawajui na mimi najua. Baraza ningelikosa, sawa. Lakini hilo, hapana.

Akakunja mikono ya buibui. Kisha akasema, "Leta jivu na ndimu, fundi. Na ukae chini." Tumesugua pamoja, yeye, Koki na mimi, jivu na nusu ndimu, mpaka chuma kikarudi kijivu. Tukavikausha juu ya jiko. Mwishoni akatoa chupa ndogo ya mafuta ya simsim mkobani, akapitisha kitambaa mara moja kila upande. Basi. Amevibeba vyote.

Jumapili, 13 Aprili

Harusi! Nafiso kama malaika. Pilau, mbuzi, halua. Nimekula mpaka Koki akanifinya. Visu vyangu vimekata tangu alfajiri na havijaomba kunolewa. Kimoja cha Githinji, kilicholetwa kiwe cha akiba, kimepinda kwenye goti la mbuzi. Sikucheka. Nilitoka nje kwanza.

Mzee Khalif amenishika mkono mbele ya wageni. Baraza nitapewa, kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Sharti lake ni kwamba kisu chenye kutu kisionekane mbele ya bucha yake. Machozi yamenitoka. Nimesema ni vitunguu.

Jumanne, 15 Aprili

Niko barazani! Mabati juu, umeme ukutani, na rafiki zake Mama Nafiso wameagiza visu. Nimemaliza kuvifua leo, wanavijia kesho.

Mama Nafiso ameniletea chupa nzima ya simsim. Akanikaririsha kama mtoto: futa, kausha, paka, maliza. Nimemshukuru sana. Lakini hebu fikiria, fundi mzima wa baraza na kazi yake ni kufuta tu? Koki ameitumia chupa kukaangia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na umetoka mtamu ajabu.

Na leo nimeona jambo. Nyuma ya bucha kuna stoo, na stooni Mzee hupanga ngozi mbichi za mbuzi. Zimelala humo wiki nzima na haziozi! Mvua hii yote na haziozi! Nimeuliza siri. Chumvi. Ile ya mawe, magunia kwa magunia, inanyonya maji yote. Sasa, kama chumvi imeiweza ngozi mbichi, chuma ni nani?

Nimeomba gunia moja. Nimevizika visu vyote ndani, vyote, mpaka mipini, nikanyunyiza maji kidogo ili chumvi ishikamane vizuri. Mama Nafiso na rafiki zake wakifika asubuhi, nitavifukua mbele yao. Nimemwomba Githinji awepo.