Moshi wa Jumamosi

Jumatatu, 2 Februari
Kiprugut amechoma tena. Vumbi la mbao, gunia baada ya gunia, nyuma ya kiwanda chake cha mbao. Moshi wote jikoni kwangu. Truphosa amekohoa mpaka akakaa chini. Amesema moshi usipokoma wiki hii, anahamia Naivasha kwa dadake Nakhumicha. Mke wangu wa ndoa ya miaka ishirini na sita afukuzwe Elburgon na mtu mwenye msumeno! Nimempigia simu ofisa wa mazingira wa kaunti mara tisa.

Jumanne, 3 Februari
Ofisa amekuja. Anaitwa Jemutai, msichana mdogo, buti safi. Amefunga kifaa cheupe cha kupima hewa kwenye ukuta wangu. Kinaandika kila saa, na kishale cha juu kinaonyesha upepo unatoka wapi. Amesema nisikiguse, atarudi Jumatatu kukisoma. Nikamwambia afunge kiwanda leo, mimi ni shahidi. Akasema kaunti hufunga kwa vipimo, si kwa hasira. Jeuri.

Alhamisi, 5 Februari
Moshi jana, moshi leo. Kifaa kimenyamaza tu ukutani. Hakipigi kelele, hakiwashi taa nyekundu. Kiprugut amepita, akakitazama, akaniuliza niaje jirani. Jirani! Anajua hakifanyi kazi. Truphosa anasema subira huvuta heri. Yeye huyo anayekohoa.

Jumamosi, 7 Februari
Nimekisaidia kifaa. Kiprugut ni Msabato, tena mzee wa kanisa. Familia nzima na wafanyakazi wote wako kanisani mpaka jioni, hakuna jicho la kuniona. Nimeweka majani mabichi, gunia kuukuu na tairi la baiskeli chini ya kifaa, nikawasha. Nimelisha moto mpaka saa nane. Truphosa alitoka jikoni akifuta machozi, nikamwambia hii ni dawa. Kweli Mungu alinipa akili.

Jumatatu, 9 Februari
Jemutai alisoma kompyuta yake hapo uani, kisha akanitazama.
"Mzee, peak ya wiki yote ni Saturday," akasema. "Na sawmill ilikuwa imefungwa, na kishale kinasema upepo haukutoka huko. Hili jivu hapa chini ni la nani?"
Nikasema huenda Kiprugut ameasi dini. Mzee wa kanisa!
Akanieleza bila kupandisha sauti kwamba kufikia Ijumaa kifaa kilikuwa kimemnasa Kiprugut kila asubuhi. Barua ya kumzuia alikuwa nayo mkobani, ikingoja vipimo tu. Sasa vipimo vyote vimeharibika na kazi inaanza upya, wiki tatu. Akaandika barua nyingine, yenye jina langu, ya kosa la kuchoma takataka. Kiprugut, aliyesimama upande wake wa ua, alicheka mpaka akaushikilia. Truphosa alikuwa mlangoni na alisikia kila neno.

Jumanne, 10 Februari
Truphosa ameondoka. Hakunifokea, na hilo ndilo limeniuma. Alibeba begi na chupa ya dawa ya kikohozi, akasema nimwite siku hewa ikiwa safi. Nina hasira na Jemutai, na kaunti, na kile kishale. Moshi wa Kiprugut unaingia dirishani na hakuna wa kukohoa.

Nimewaza mchana kutwa. Kosa lilikuwa siku tu. Kesho ni Jumatano, kiwanda kitakuwa wazi, na nimepata tairi la lori.